Baba, Tahasusi na Kazi ya Mwanao

Kila Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, akina baba wengi hugeuka wataalamu wa elimu kwa wiki moja. Baba ambaye hajafungua daftari la mwanawe tangu kidato cha kwanza anakaa sebuleni, simu mkononi, anauliza alama ya Fizikia, anampigia rafiki aliyewahi kufanya kazi wizarani, kisha anatoa uamuzi: "Utasoma PCB. Ukoo huu hauna daktari." Mtoto anajibu, "Sawa, baba." Kikao kimekwisha.

Kikao hicho kina uzito mdogo kuliko baba anavyodhani. Sehemu kubwa ya uamuzi ilikwisha kufanyika miaka mingi nyuma, na mkono wake umo, ingawa hakujua kwamba anaamua. Aliamua kwa pesa alizotoa na alizokataa kutoa. Aliamua kwa namna alivyokuwa akiizungumzia kazi yake wakati wa chakula cha usiku, na kwa maswali ambayo hakuyauliza hata mara moja. Kwa hiyo nitaanza na nyumbani; tahasusi, yaani makundi ya masomo ya kidato cha tano na cha sita, zitafuata baadaye.

Mchukue baba fundi magari mwenye gereji pale Gerezani. Anarudi jioni, mikono imejaa grisi, anamwambia mwanawe, "Soma mwanangu, usije ukawa kama mimi." Ni maneno ya upendo kabisa. Lakini mtoto anasikia kingine: kwamba kazi ya baba ni adhabu ya waliofeli. Na kama mtoto huyo ndiye anayefungua redio mbovu na kuifunga ikaongea, atakipoteza kipaji hicho kwa aibu, kwa sababu mtu anayempenda kuliko wote amekwisha mwambia kwamba spana ni ya walioshindwa. Atakapofika kidato cha nne hatathubutu kutaja chuo cha ufundi cha VETA. Ataomba tahasusi yoyote ya sanaa, ilimradi aende kidato cha tano kama wenzake.

Wakati huohuo gereji hiyohiyo imejenga nyumba, imelipa ada za watoto watatu na imemzika bibi kwa heshima. Hilo halisemwi. Wala haisemwi kwamba magari ya siku hizi hupimwa kwa kompyuta kabla ya boneti kufunguliwa, na kwamba fundi mwenyewe humlipa kijana aliyesomea umeme wa magari aje kumsomea mashine. Fundi angemweleza mwanawe habari hiyo kwa utulivu, mtoto angejua kwamba kati ya "fundi kama baba" na "daktari wa ukoo" kuna kazi nyingi, na baadhi zinahitaji Fizikia ya kutosha.

Ushauri wa kwanza, basi, ni kumwonyesha mtoto kazi yako. Siku moja ya likizo nenda naye, na usimfanye wa kubeba vifaa tu. Aone unavyokadiria bei, unavyomshika mteja asiyetaka kulipa, makadirio ya kodi yanavyofanyika TRA, na jambo moja ambalo ulichukua miaka kulijua. Wenye kazi za ofisini wana deni kubwa zaidi hapa. Mtoto wa fundi cherehani angalau anaona nguo. Mtoto wa mhasibu anamwona baba akiondoka na begi asubuhi na kurudi na begi jioni. Anajua "baba ni mhasibu", lakini ukimuuliza mhasibu anafanya nini kutwa nzima hana jibu, na kazi asiyoijua mtu hawezi kuichagua wala kuikataa kwa akili.

Mvuvi wa Kizimkazi anajua bamvua na maji mafu, anajua kaskazi inaleta samaki gani na kusi inawapeleka wapi, na hudhani hayo ni mambo ya pwani tu. Hayo ni masomo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari, na taasisi hiyo iko hapohapo Unguja. Wapo watu wanaopata shahada kwa kupima yale ambayo mvuvi huyapima kwa jicho. Mtoto wa mvuvi aliyeambiwa hivyo mapema ataisoma Jiografia kwa hamu tofauti na yule aliyeambiwa, "Soma uondokane na bahari."

Pesa nayo husema. Nyumba ambayo kijana analipiwa tuisheni ya Hesabu na dada yake anatumwa kuteka maji saa hiyohiyo imekwisha kuchagua nani atakuwa mhandisi, hata kama baba anaapa kwamba anawapenda sawa. Ada ya sekondari za serikali imefutwa, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka wa fedha 2022/23. Kilichobaki mikononi mwa mzazi ni nauli, madaftari, sare, chakula, tuisheni na muda wa kusoma. Vyote hivyo hugawanywa nyumbani, na mara nyingi mgawaji wa mwisho ni baba. Kagua mgawo wako wa mwezi uliopita. Utaona nani umemchagulia nini.

Sasa tuje kwenye ushauri wenyewe, ule wa maneno. Akina baba wengi hushauri kwa habari zilizokwisha muda wake. Kuna kizazi cha babu zetu ambacho kilimaliza chuo katika miaka ya 1970 na serikali ikakipangia vituo vya kazi; barua ilikuwa inamsubiri mhitimu. Kwao "soma upate kazi" ilikuwa taarifa ya kweli. Tumeirithi kama methali. Leo nafasi moja ya utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, huombwa kwa mtandao, na waombaji hufanya usaili wa maandishi kabla ya ule wa ana kwa ana. Mhitimu mwenye cheti kizuri anaweza kukaa nyumbani miaka. Anayemshauri mtoto bila kujua hilo anamwelekeza mgeni kwa kutumia kituo cha mabasi kilichokwisha hamishwa.

Hata tahasusi zenyewe si zile tunazozijua. Mwezi Machi 2024 serikali ilitangaza kuongeza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, zikawa 65 kwa jumla. Baba anayejua PCM, PCB, EGM na HKL anajua kona tu ya orodha. Aidha sera ya elimu iliyofanyiwa mapitio mwaka 2023 imeleta mkondo wa amali katika sekondari, ambamo mwanafunzi husoma fani pamoja na masomo ya kawaida. Kwa majirani zetu Kenya uamuzi huu umekuja mapema zaidi: mtoto wa Gredi ya 9 huchagua njia moja kati ya tatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, na kundi la kwanza lilipangiwa kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtoto wa miaka kumi na mitano anaulizwa swali zito kuliko alilowahi kuulizwa baba yake katika umri huo.

Kwa hiyo jifunze milango ilipo, hasa inayofungwa kimyakimya. Watu hudhani uamuzi mkubwa ni wa kidato cha tano. Kwa wengi ulifanyika kidato cha tatu, mwanafunzi alipoacha Fizikia na Kemia kwa sababu mwalimu alikuwa mkali au shule ya kata haikuwa na mwalimu kabisa. Siku ile hakuna baba aliyepiga simu wizarani. Lakini bila Fizikia, Kemia na Baiolojia, shahada ya udaktari wa binadamu imekwisha. Ndiyo maana CBG nayo (Kemia, Baiolojia na Jiografia), ambayo wazazi wengi huiona kama "PCB nyepesi", haimpeleki mtu kwenye udaktari: Fizikia haimo. Wapo wanaoligundua hilo baada ya kidato cha sita, wakiwa na ufaulu mzuri na mlango umefungwa.

Upande wa pili, kuna milango ambayo baba huidharau kwa kuwa haipiti kidato cha tano. Kijana mwenye ufaulu mzuri wa sayansi kidato cha nne anaweza kwenda moja kwa moja kusoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu, akatibu watu, na baadaye akajiendeleza hadi shahada kama alama zinaruhusu. Vivyo hivyo uhandisi, kilimo, maabara. Nimesikia wazazi wakiita njia hiyo "kufeli kwa heshima". Ni maneno ya kipuuzi. Mgonjwa wa zahanati ya kijijini hajawahi kumuuliza tabibu alipitia kidato gani.

Habari hizi ni za bure. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha kila programu, chuo na sifa za kuingilia. NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, hutoa wa vyuo vya kati. Upakue kwenye simu, ukae na mwanao, msome pamoja mstari kwa mstari zile kozi anazozitaja. Ni kazi ya jioni mbili, na ina faida kuliko hotuba kumi. Na kama tahasusi aliyojaza shuleni haimfai tena baada ya matokeo, ofisi ya TAMISEMI imekuwa ikitoa muda maalumu wa kubadili kupitia mtandao. Muda huo ni mfupi. Wengi hupitwa nao wakati baba na mtoto wamenuniana.

Usitake kujua mwisho wa njia yote. Mwaka 1934 Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki alimruhusu mwanawe Kambarage, aliyekuwa na miaka kama kumi na miwili, kwenda kusoma Mwisenge, Musoma. Chifu huyo alifariki mwaka 1942. Hakumwona mwanawe akiingia Makerere mwaka uliofuata kusomea ualimu, achilia mbali yaliyokuja baadaye. Hakuna kazi ya waziri mkuu wala ya rais wa Tanganyika ambayo angeweza kumchagulia, kwa kuwa hazikuwapo. Watoto wetu nao watafanya kazi ambazo baadhi hatujazisikia. Kinachotakiwa ni kwamba wasifike huko wakiwa na Hesabu mbovu.

Narudi kwenye lile jibu, "Sawa, baba." Katika nyumba zetu mtoto mwenye adabu habishani na mzazi, na hilo ni jema. Ubaya ni pale baba anapoipokea adabu kama makubaliano. "Sawa, baba" inaweza kuwa na maana ya nimekubali. Inaweza pia kuwa na maana ya nimekusikia, naomba niondoke. Au: nitasoma unachotaka mpaka chuo mwaka wa pili, kisha sapu zitakuambia nilichoshindwa kukuambia. Baba mwenye kusikiliza hutofautisha, lakini lazima kwanza amzoeze mtoto kwamba kusema "hapana, baba" kwa heshima hakuleti ugomvi.

Hilo haliji kwa kuitisha kikao. Vikao vinatisha, mtoto akiitwa sebuleni huanza kukumbuka makosa yake. Zungumzeni mkiwa na shughuli: shambani, mkiosha pikipiki, mkiwa njiani kwenda kwa bibi. Swali la "unataka kuwa nani?" liache, maana kila mtoto ana jibu lake la kupendeza wageni. Uliza, "Kipindi cha mwalimu gani hupendi kukikosa?" Uliza, "Hapa mtaani, kazi ya nani ungekubali kuishika kwa mwezi mmoja?" Uliza, "Alama ya Kemia imeshuka, ni kitu gani hasa kilikushinda?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Baba wa Kiswahili akiona kimya hujaza kwa historia ya maisha yake, alivyotembea kilomita kumi bila viatu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Na kama mtoto hasemi kwako kabisa, tumia jamaa. Utani wa babu na mjukuu haukuwekwa kwa kuchekesha tu. Kijana asiyeweza kumwambia baba kwamba anachukia biashara atamwambia babu yake huku wakicheka, na msichana atamwambia shangazi. Muulize babu, muulize mjomba. Wala usione wivu kwamba waliambiwa wao kwanza.

Je, baba hana haki ya kukataa? Anayo. Akiona mtoto anakimbilia kozi kwa sababu rafiki zake wameijaza, aseme. Akiona chuo hakina usajili, akatae waziwazi. Kijana anayetaka mpira au muziki asipigwe marufuku, apewe sharti: mazoezi yaendelee, na kidato cha nne kimalizwe. Lakini ukikataa, toa sababu ya kweli. Baba asiye na pesa hujificha mara nyingi nyuma ya heshima: badala ya kusema "sina uwezo wa chuo hicho", husema "kozi hiyo haina maana". Mtoto anaondoka akiamini kipaji chake hakina maana, kumbe kilichokosekana ni milioni mbili.

Sema hesabu kama zilivyo. Mwambie kijana wa kidato cha tano au cha sita kwamba huenda akategemea mkopo wa Bodi ya Mikopo, na kwamba mkopo huo hurudishwa: sheria inamtaka mwajiri amkate mnufaika asilimia 15 ya mshahara. Mtoto anayejua hilo huchagua kozi kwa macho mawili. Kisha timiza lililo lako kama baba, ambalo ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA mapema. Majina ya cheti na majina yaliyosajiliwa kwenye mtihani yafanane herufi kwa herufi; mtoto aliyeitwa Mohamed darasa la saba na Muhammad kwenye cheti atahangaika na viapo mahakamani wakati wenzake wamekwisha kutuma maombi. Pia fomu ya mkopo hutaka mdhamini. Kuna akina baba waliotengana na mama wa mtoto ambao hawatoi hata nakala ya kitambulisho, kwa hasira na mama. Hasira hiyo hulipwa na mtoto, na sina maneno laini ya kuisemea.

Kwa mabinti mkono wa baba umeandikwa hadi kwenye sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na chini ya miaka 18 ridhaa iliyotakiwa ilikuwa ya baba kwanza. Mama angeulizwa baba akiwa amefariki. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia hukumu hiyo Oktoba 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Nayataja kwa sababu wapo akina baba wanaosema wao hawaozeshi watoto, kwa hiyo hayawahusu. Lakini binti anayesikia kila siku "wewe utaolewa tu" amekwisha pewa ujumbe uleule bila mahari. Kama binti yako amepata mimba shuleni, waraka wa serikali wa Novemba 2021 unamruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua. Baba ndiye anayeweza kuufanya waraka huo uwe kweli, kwa kumpeleka mwenyewe hadi ofisi ya mkuu wa shule.

Kuna wanaosoma hapa wakiwa mbali: madereva wa malori ya Tunduma na Lubumbashi, wachimbaji wa Geita, walioko Muscat. Umbali haumwondolei baba nafasi yake, ila unabadili namna ya kuitumia. Mpigie mtoto mwenyewe, usitume salamu kwa mama yake. Uliza jambo lenye jina: jaribio la Jumatano la Hesabu lilikuwaje? Na mwachie mtu aliye karibu mamlaka ya kuamua. Wangari Maathai alipokuwa mtoto Nyeri, baba yake alikuwa akifanya kazi mbali, Nakuru. Aliyeuliza kwa nini Wangari hasomi kama kaka zake alikuwa kaka yake, Nderitu, na aliyeamua aende alikuwa mama. Mwaka 1971 mtoto huyo akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Ingekuwa nyumba ambayo kila neno la shule hungoja barua ya baba, swali la Nderitu lingengoja pia.

Kama una mtoto kidato cha pili mwaka huu, usingoje matokeo ya kidato cha nne. Nenda shuleni kwake kabla muhula haujafungwa, muulize mwalimu wa taaluma mambo mawili: masomo gani mwanao anakusudia kuyaacha kidato cha tatu, na kwa sababu gani. Ukirudi nyumbani mwambie ulichosikia, umuulize kama ni kweli, halafu umwache aseme.